Uso wa Tatu

"Makame kupata diploma? Labda diploma ya kufagia uwanja wa mpira." Aliyesema hivyo ni Ami Salim, Jumapili moja nyumbani kwake Ilford, mbele ya Wazanzibari wenzetu waliokusanyika kula biriani na kuililia nchi yao. Wote wakacheka, na mimi nikashindwa kujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa wali. Mwengine akasema sitaimaliza hata baridi moja. Mwengine akasema mkono wangu ni wa kukuna nazi, si wa kazi ya sanaa. Niliwasikiliza wote. Leo diploma yangu imetundikwa ndani ya karakana yangu hapa Mji Mkongwe, katika fremu ya msaji niliyoitengeneza mwenyewe, na anayebisha aje aisome: ufundi wa plasta na utengenezaji wa kalibu, daraja la kwanza. Hapa mjini hakuna jumba lililofufuliwa, lenye zidaka na nakshi za chokaa, ambalo halikupitiwa na mkono wangu au mkono wa mtu niliyemfundisha. Watu husema najisifu. Basi nani anisifu, na walionicheka wengi wao wako chini ya ardhi?

Lakini mwezi uliopita alikuja mgeni akanisahaulisha diploma na fremu yake. Mwanamke wa makamo, nywele zimeingia mvi, aliingia karakana akakaa juu ya mfuko wa plasta kama mtu wa nyumbani. "Uncle Makame," akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "mimi Hansa. Mama amefariki." Nilimwacha Hansa London, mtoto wa shule mwenye misuko miwili, binti wa Mama Kanta aliyenipangisha chumba, anayemjibu mama yake Kiingereza kila akiulizwa kwa Kiswahili. Sasa ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho, nyumbani kwake Stanmore, penye bustani na kimya kingi. "Mama alikichukia kile kimya," akasema, kisha akatoa mkobani kitu kilichofungwa kwa kanga. Nilikijua kabla hajakifungua, maana mkono huijua kazi yake kwa uzito. Kilikuwa kichwa cha plasta, ukubwa wa nazi iliyofuliwa: uso wa mwanamke anayetazama pembeni kidogo, na shingoni umemzunguka mstari mwembamba kama uzi. "Alisema wewe utajua pa kumpeleka." Nikamwambia Hansa anisubiri, nikatoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia chokaa shimoni. Chokaa ilikuwa salama. Mimi ndiye niliyekuwa si salama.

Mwaka wa diploma hiyo ulikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, na mimi nilikuwa kijana nimepanga chumba kwa Mama Kanta, Wembley. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya jiko. Nasema hivyo kwa shukrani, kwa sababu joto la jiko lilipanda kupitia mbao za sakafu na harufu ikapanda nalo, nami nikijua nikiwa bado kitandani kama leo kuna bizari, kuna kitunguu kinachoungua au kuna muhogo wa nazi. Mama Kanta alikuwa Mhindi mjane, mzaliwa wa Unguja, nyumba yao ilikuwa Mkunazini. Hakula nyama wala samaki, lakini mbatata zake za urojo mpaka leo sijazipata, na nimezitafuta. Mchana nilifagia uwanja wa mpira baada ya mechi, nikiokota karatasi na chupa za watu waliokwisha kufurahi wakaenda zao. Jioni nilikwenda chuo cha ufundi. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na ile meza ya jikoni yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na juu yake, ukutani, kijikabati chenye taa ndogo na picha ya miungu wa kike watatu waliokaa pamoja.

"Huyu Saraswati, wa elimu," alinieleza siku ya kwanza, akinyoosha kijiko cha mchuzi. "Huyu Lakshmi, wa riziki. Huyu Parvati, wa nguvu na nyumba. Watatu, lakini ukimwita mmoja wanasikia wote. Kama nyinyi nikiita chakula."

"Mum, please," akasema Hansa bila kuinua uso kwenye kitabu chake.

"Please nini? Makame ni mtu wa kwetu, anaelewa."

Na kweli nilielewa, kwa namna yangu. Mimi ni Muislamu na kijikabati kile hakikunihusu, lakini sauti yake ilinihusu. Alikuwa akitamka Kiswahili cha Mkunazini kilichobaki vilevile tangu alipofunga mlango wa nyumba yake. Jioni za mvua alinitembeza nyumba hiyo kwa maneno huku akimenya ndizi mbichi. Dirisha la juu, alisema, liliangalia pale vichochoro vitatu vinapokutana: kimoja kinakwenda sokoni, kimoja kinakwenda hekaluni kwao, kimoja kinakwenda pwani. Mama yake alikaa dirishani akajua nani anadaiwa, nani anaposa, nani kagombana na nani. Juu ya mlango kulikuwa na kidaka, na kila Diwali waliweka taa humo, na watoto wa Kiislamu wa mtaani walikuja kupewa halua. "Wewe ulikuja?" akaniuliza. Nilikuwa mtoto wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, sikufika huko. Nikamwambia nilikuja. Akafurahi, akaniongeza mchuzi.

Mwalimu wetu chuoni alikuwa Bwana Pettifer, Mwingereza mrefu mwenye nyusi nyeupe kwa plasta hata Jumapili. Aliniazima vifaa vyake mwenyewe vya mkono, vile vijiko vya chuma vya kulainishia, kwa sababu mimi sikuwa navyo. Mwanzo wa mwaka alitupa kazi ya mtihani. Ilikuwa sanamu ya marumaru, ya Wayunani wa kale: wanawake watatu wamesimama kuizunguka nguzo moja, mgongo kwa mgongo, kila mmoja anatazama upande wake. Nyuso mbili zilikuwa nzima. Wa tatu alikuwa amelika kabisa, penye uso pamebaki kama sabuni iliyotumika. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kalibu ya umbo lake, kumimina humo nakala ya plasta, na kumrudishia yule wa tatu uso wake. Atakayeshindwa hana diploma.

"Hawa si watatu," akasema Bwana Pettifer. "Ni mmoja. Anaitwa Hekate. Waliweka sanamu yake penye njia panda, uso mmoja kwa kila njia. Watu walimwachia chakula pale, mwezi ukiandama." Wanafunzi wenzangu waliandika. Mimi nilicheka peke yangu. Kwetu ni nani asiyejua habari za njia panda? Nani hakukatazwa utotoni asiruke yai au kitambaa chekundu alichokikuta pale asubuhi? Nilivuka bahari zote zile nikidhani nimeyaacha mambo ya njia panda Ng'ambo, kumbe yamenitangulia. Nilihisi kitu ambacho sikukihisi hata siku moja katika nchi ile, kwamba katika chumba kizima mimi ndiye mwenyeji.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia Ami Salim. Alikuwa mtu wa Pemba, mtu wa dini na wa maneno, na ndiye aliyeniazima koti la sufu siku niliyofika natetemeka kama kifaranga. Nilikwenda Ilford nikiwa nimelivaa.

"Hebu nifahamishe," akasema, akaweka kikombe chini. "Waarabu wa zama za ujinga walikuwa na miungu yao, Lata, na Uzza, na Manata. Watatu! Wakavunjwa, tukapumzika. Sasa wewe Makame umepanda ndege kuja kumtengeneza wa nne?"

"Si wa nne, Ami. Huyu ni mmoja, ana miili mitatu."

"Basi ndiyo vibaya zaidi!"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Aliniambia kwamba siku ya Kiyama mwenye kutengeneza sura ataambiwa aitie roho, na hataweza. Kisha akasema: "Na koti langu lisiingie katika nyumba ya masanamu. Mimi sitaki kuulizwa habari za koti."

Sasa fikiri kijana aliyelelewa asimvunjie mkubwa neno. Ningefanyaje? Baridi ilikuwa kali, sikuwa na koti jengine, na chuo kilijaa masanamu tangu mlangoni. Basi kila jioni nilipofika nilivua koti la Ami Salim nikalitundika nje, kwenye uzio wa chuma, nikakimbia ndani na shati langu. Mvua ikalinyeshea. Theluji ikalikalia mabegani. Wanafunzi wenzangu walidhani ni mila ya Kizanzibari ya kuheshimu nyumba ya elimu, na mmoja wao siku moja akavua la kwake akalitundika kando ya langu. Halikuibwa hata mara moja. Nafikiri wezi wa London walilitazama wakalihurumia.

Lakini maneno yake mengine hayakutundikika uzioni. Niliingia nayo ndani. Nilikuwa nikishika udongo, nauona uso unanitazama, na mkono unasita. Ndipo nilipokumbuka niliyoyasikia chuoni kwetu, chuo cha Kurani: sura iliyokatwa kichwa si sura tena, ni kama jiti. Nikaamua. Nilitengeneza kalibu ya miili mitatu mbali, na kalibu za vichwa mbali, kila kichwa peke yake. Kisha nilipoviunga niliacha mstari mwembamba shingoni, kuzunguka, unaoonekana, ili mimi na Mola wangu tujue kwamba vichwa hivi vimekatwa. Na sikiliza ufundi ulivyo: wenzangu walimimina sanamu nzima kwa kalibu moja, na walipovuta vipande, pua na vidole vikabaki ndani, kwa sababu wale wanawake wamebanana kama vidole vya ngumi. Mimi vyangu vilitoka vizima. Kutoka hapo hakuna aliyeuliza tena mkono wangu ni wa kukuna nini.

Bwana Pettifer alisimama mbele ya kazi yangu akapapasa zile shingo. "Umemkata vichwa," akasema. Nikamweleza yote, hata ya Kiyama. Alipangusa miwani kwa koti lake la kazi, akaichafua zaidi. "Makame, mimi nimekuelewa. Watahini hawatakuelewa. Kiungo kinachoonekana ni kiungo kibovu, ndivyo wanavyohesabu. Kifukie." Kisha akasema tena, taratibu, kama mtu anayemwomba mtoto ashuke ukutani: "Kifukie, upate diploma yako." Na bado yule wa tatu hakuwa na uso. "Kwa huyo, rudia tu uso mmoja wa wenzake. Wote hufanya hivyo."

Nilirudi Wembley nikiwa nimenyong'onyea. Siku ile kulikuwa na mechi na mitaa ilijaa watu wanaoimba, nikapita kati yao kama maji yanayopita kati ya mawe. Mama Kanta alikuwa anakanda unga, na mkate wa kwanza tayari uko juu ya tawa. Nikamweleza, na nikamwambia siwezi kurudia uso wa mwengine, kwa sababu kama ana njia tatu za kutazama, kila njia ina mambo yake, na anayetazama njia aliyotoka hawezi kuwa na uso wa anayetazama njia anayokwenda.

"Basi mpe uso unaotazama nyuma," akasema.

"Nitautoa wapi?"

Alikwenda kukaa kwenye kiti cha dirishani na unga bado mikononi, akaangalia nje. Nje kulikuwa na uzio wa jirani na pipa la taka. Sijui aliangalia nini, lakini uso wake ulibadilika mbele ya macho yangu, ukaacha kuwa uso wa mtu wa Wembley. Nikauliza kimyakimya, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake: "Uko wapi, Mama Kanta?"

"Niko dirishani. Mwuza kahawa anapita. Usinisemeshe, chora."

Nilichora nyuma ya mfuko wa unga. Hansa alifunga kitabu chake akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiuliza kwa Kiswahili: "Mama, unaona nini?" Mama Kanta akamwambia. Akamtajia vichochoro, kimoja kimoja, na nani anakaa wapi, na rangi ya milango. Mkate ukaungua juu ya tawa na hakuna aliyeinuka.

Nilipomaliza, alipangusa mikono akarudi kuwa mwenye nyumba. "Uso huo nakuazima tu," akasema. "Usidhani nimekupa. Nyumba imepotea, duka limepotea, na uso nao nikupe bure? Utaurudisha."

"Nitaurudisha. Na mstari wa shingoni? Niufukie?"

"Wewe unaona haya kwa mshono?" Akashika ukosi wa shati langu akauvuta. "Hili lina mshono. Sari yangu haina. Zote nguo. Mshono unafichwa na fundi anayeogopa."

Siku ya mtihani niliacha mstari wangu. Bwana Pettifer alipoingia akauona, akafumba macho. Watahini walikuwa watatu, nisiulizwe kwa nini. Wawili walitikisa vichwa. Wa tatu, bibi mmoja mzee mwenye kucha fupi kama za fundi, alipitisha ukucha wake juu ya mstari, shingo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasimama mbele ya ule uso mpya.

"Kwa nini hukuficha kiungo?"

Nilikuwa nimekariri maneno ya dini, yakanikimbia yote. Nikasema: "Kwa sababu mimi si Myunani wa kale. Kazi yake ni yake, yangu ni yangu. Nikificha nilipoanzia, nitakuwa nimemsingizia."

"Na uso huu umeutoa wapi?"

"Nimeazimwa."

Bibi yule akawageukia wenzake akasema kwamba miaka yote anawapigia kelele mafundi wa majumba ya makumbusho waache kuficha wanapotengeneza, na leo neno lile analisikia kwa kijana ambaye hakufundishwa na mtu. Ni kweli, sikufundishwa na mtu. Lilitoka kichwani mwangu. Daraja la kwanza. Nimekwisha kusema iko wapi, aende mtu akaisome.

Baada ya hapo nilipanga siku moja ya kurudisha kila nilichoazimwa, kwa sababu sikutaka kuondoka nchi ile na kitu cha mtu. Asubuhi nilimrudishia Bwana Pettifer vijiko vyake, vimesuguliwa vinang'aa. Mchana nilikwenda Ilford na koti. Ami Salim alilinusa. "Mbona linanuka mvua?" Nikamweleza kwamba halikuingia ndani hata siku moja.

"Hata siku za theluji?"

"Hata siku za theluji, Ami."

"Na wewe ulikuwa na shati?"

"Nilikuwa na shati."

Akalishika lile koti mikononi, akapapasa mabega yake. "Mjinga we," akasema. "Mtu mzima akikasirika husema tu. Hukujua?" Kisha mbele ya wale wote walionicheka akanivisha mwenyewe, akanifunga vifungo mpaka shingoni. "Si la kuazima tena. Lako. Liingize unakotaka." Ninalo mpaka leo, katika nchi ambayo halivaliki.

Jioni nikampelekea Mama Kanta uso wake. Nilikuwa nimemimina nakala ya kile kichwa cha tatu peke yake, na mstari wake shingoni. Alikiweka juu ya meza, akakizungusha, akakaa nacho kama watu wawili wanaokunywa chai. Kisha akakisukuma kwangu taratibu.

"Hapa si mahali pake. Niliyekuazima mimi nilikuwa dirishani Mkunazini. Urudishe kule."

"Kule mimi sina hata kibanda, Mama Kanta."

"Basi nitakuwekea mpaka upate." Akakiinua akakiweka juu ya kijikabati, kando ya wale watatu. "Akae na wenzake. Lakini yeye ni msafiri."

Nilirudi nyumbani. Nikafanya kazi, nikajenga jina, nikapata zaidi ya kibanda. Ile nyumba ya vichochoro vitatu imekuwa nyumba ya kulala wageni, na kazi ya plasta nilipewa mimi, si mwengine. Nilipofika juu ya mlango nilikikuta kidaka kimezibwa kwa saruji. Nilikifungua kwa tindo, nikakipaka chokaa, nikakirudishia nakshi yake. Mwenye hoteli akaniuliza niweke nini ndani. Nikamwambia kiache kitupu, kina mwenyewe. Miaka mingi nilipita pale, na kila nikipita nilikitazama, na nikatamani, mimi mtu mzima mwenye diploma, nimenye ndizi mbichi juu ya meza ya kitambaa cha plastiki, nje kunanyesha, na mtu ananitajia rangi za milango ambayo naiona kwa macho yangu kila siku.

Basi Hansa alipokuja nilirudi kutoka kwenye shimo la chokaa, nikachukua ngazi na plasta kidogo, tukaenda Mkunazini pamoja. Alinishikia ngazi. Nilimweka Mama Kanta katika kidaka chake, nikamgeuza kidogo, tena kidogo, mpaka akawa anaiona njia ya sokoni, na ya hekaluni, na ya pwani. Mwuza kahawa alikuwa anapita, akasimama akaweka birika lake chini.

"Fundi, sanamu la nani hilo?"

"Si sanamu," nikamwambia kutoka juu ya ngazi. "Ni mwenye nyumba."

Hansa akacheka, kisha akalia. Akamwagiza yule mwuza kahawa, kwa Kiswahili, vikombe vitatu.